Barua ya wazi kuhusu vimelea vya tumboni na kipimo cha choo katika zahanati na vituo vya afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Kwa Mganga Mkuu wa Serikali,
Nakala kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, na kwa Waganga Wakuu wa Mikoa na wa Wilaya.

YAH: WAGONJWA WA KUHARA NA MAJIBU YA CHOO TUNAYOWAPA

Waheshimiwa, salaam.

Mgonjwa anayeharisha akifika katika zahanati au kituo cha afya, mara nyingi hupitishwa njia ileile. Anaandikiwa kipimo cha choo, anakwenda na kurudi na kikopo, anasubiri kwenye benchi, kisha anaambiwa ana amiba na kupewa metronidazoli. Asipokutwa na amiba huambiwa ana minyoo na kupewa kidonge kimoja cha albendazoli, na asipokutwa na chochote bado metronidazoli huandikwa, kwa maelezo kwamba ni tahadhari. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika kituo cha afya cha Kanda ya Ziwa, Tanzania, na majibu hayo hutoka mikononi mwa watu wa kada yangu. Nawaandikia kuwaomba mbadilishe namna kipimo hiki kinavyoagizwa, kinavyofanywa, kinavyolipiwa na kinavyoandikwa vitabuni, kwa sababu kilivyo sasa kinawapa dawa watu wasio na vimelea vinavyowaumiza, na kinawapita wale ambao vimelea vinawamaliza kweli.

Naanza na watoto, maana wao ndio wengi na ndio wanaokufa upesi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara huua zaidi ya watoto laki nne walio chini ya miaka mitano kila mwaka duniani. Mtoto aliyeanza kuharisha jana au juzi, asiye na damu kwenye choo, kwa kawaida ameambukizwa virusi au bakteria, na kinachomwua ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Dawa yake inajulikana tangu zamani: maji ya ORS, kuendelea kunyonya na kula, na vidonge vya zinki, ambavyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivipendekeza kwa pamoja mwaka 2004, miligramu 20 kwa siku kwa muda wa siku 10 hadi 14, na nusu ya kipimo hicho kwa mtoto aliye chini ya miezi sita. Mtoto huyu hahitaji kipimo cha choo. Kumpeleka mama yake akasubiri maabara, mtoto akiwa mgongoni anaendelea kupoteza maji, ni kumcheleweshea tiba ambayo ingeanza palepale mapokezi kwa kikombe na kijiko. Akitoa choo chenye damu, mwongozo wa matibabu ya watoto unamtaka tabibu aanze kwa kumtibu kuhara damu kunakosababishwa na bakteria wa shigela, na kufikiria amiba baadaye, pale dawa hizo zinaposhindwa kumsaidia. Yote haya yameandikwa kwenye chati zilizobandikwa ukutani katika vyumba vyetu vya matibabu, lakini mazoea yana nguvu kuliko chati, na mzazi naye amezoea kuamini kwamba asiyepimwa hakuhudumiwa.

Sasa nije kwenye amiba yenyewe, ambayo imekuwa jina la kila tumbo linalouma. Mwaka 1925 mtaalamu wa Kifaransa Émile Brumpt alieleza kwamba vimelea tunavyoviita amiba wa kuhara damu ni aina mbili zinazofanana kabisa kwa sura: mmoja anayeshambulia utumbo na ini, na mwingine anayeishi tumboni bila kumdhuru mtu. Kwa miongo mingi wenzake hawakumkubali, mpaka uchunguzi wa vinasaba ulipomthibitisha, na mwaka 1993 aina hizo mbili zikatenganishwa rasmi, entamiba histolitika mwenye madhara na entamiba dispari asiye na madhara. Mwaka 1997 kikao cha wataalamu kilichoitishwa Mexico na Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine kilishauri kwamba maabara inayotumia hadubini peke yake, ikiona sisti tu, yaani kimelea kilichojifunga ndani ya ganda, iandike majina yote mawili kwa pamoja, na kwamba mtu asiye na dalili asitibiwe kwa sababu ya sisti hizo peke yake. Kinachomtambulisha amiba mwenye madhara chini ya hadubini ni kumwona akiwa hai, anatembea, na ndani yake mna chembe nyekundu za damu alizozimeza.

Waheshimiwa, amiba huyo hai hudumu kwa muda mfupi mno nje ya mwili. Choo cha majimaji kinatakiwa kiwe chini ya hadubini ndani ya nusu saa hivi tangu kitoke, la sivyo anakufa, anabadilika umbo na hatambuliki tena. Wagonjwa wetu huambiwa waende nyumbani wakalete choo kesho asubuhi. Hukileta kwenye kikopo cha dawa, pengine kwenye kiberiti au kipande cha nailoni, baada ya mwendo wa saa kadhaa kwa miguu au kwa bodaboda. Choo kama hicho hakiwezi kutuonyesha amiba hai. Kinachoonekana humo ni chembe nyeupe za damu, chembe za hamira na mabaki ya chakula, na mtu aliyechoka, mwenye foleni ya vipimo vya malaria mbele yake na mganga anayesubiri jibu lenye jina, huyaona yote hayo kuwa ni amiba. Sisemi hivi kuwadhalilisha wenzangu. Makosa ya aina hii yameripotiwa katika nchi nyingi, na yatakuwapo popote ambapo mtu mmoja anabebeshwa kazi ya watu watatu na hapimwi kwa ubora wa alichokiona bali kwa wingi wa majibu aliyotoa.

Madhara yake ni makubwa kuliko fedha zinazopotea kwenye vidonge. Mgonjwa anayepewa jina la amiba anaacha kutafuta chanzo kingine. Nimeona wagonjwa wenye cheti kilichojaa maneno hayohayo, amiba, amiba, amiba, miezi mfululizo, huku wanapungua uzito. Wengine hawarudi kwetu kabisa, hununua metronidazoli kwenye duka la dawa muhimu, nusu dozi kwa bei ya siku hiyo, wakiiita Flagyl, jina la kibiashara la kampuni moja, hata kama iliyo kwenye pakiti si ya kampuni hiyo. Na hata yule mwenye amiba wa kweli hatibiwi sawasawa, maana metronidazoli huua amiba waliopenya kwenye kuta za utumbo lakini huacha sisti ndani ya utumbo, ambazo zinahitaji dawa ya pili kama diloksanaidi au paromomaisini. Hiyo dawa ya pili, katika vituo vya ngazi yangu, ni nadra kuiona.

Kundi ambalo kipimo cha choo kilipaswa kuwa chao ni wagonjwa wanaoharisha kwa siku 14 au zaidi, na hasa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Hapa naomba mnivumilie niende taratibu, kwa sababu hapa ndipo tunapowapoteza watu wakati dawa ipo.

Kuna kimelea kinachoitwa kriptosporidiamu. Ni kidogo sana, mikromita nne hadi sita tu, na kwa kipimo cha kawaida cha tone la maji ya chumvi na iodini hakionekani kwa uhakika hata na jicho lililozoea. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013, uliofanywa katika maeneo saba ya Afrika na Asia, moja likiwa magharibi mwa Kenya karibu na ziwa letu hili, ulikitaja kuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kwa kiwango cha kati na kikali kwa watoto wadogo, pamoja na virusi vya rota, shigela na aina mojawapo ya bakteria wa kolai. Kwa mtu mwenye kinga imara ugonjwa huu huisha wenyewe baada ya wiki moja au mbili. Kwa mtu ambaye VVU vimeshusha kinga yake, humharisha maji kwa miezi hadi akabaki mifupa. Metronidazoli haikifanyi kitu. Tiba yake kuu kwa mgonjwa huyo ni kuirudisha kinga kwa dawa za kufubaza VVU, na kwa hiyo jibu sahihi la maabara lingekuwa kengele ya kumpeleka haraka Kliniki ya Tiba na Matunzo, au kuhoji kama dawa anazotumia bado zinafanya kazi.

Cha pili ni ndugu yake, sistoisospora, ambaye naye huwaharisha kwa muda mrefu wenye kinga dhaifu, na ambaye naye kipimo chetu cha kawaida humkosa kwa urahisi. Huyu anatibika kwa kotrimoksazoli, septrini ileile iliyo kwenye stoo ya karibu kila zahanati nchini. Fikirieni basi, waheshimiwa: mgonjwa anaharisha mwezi wa pili, dawa inayomfaa ipo chumba cha pili, hatua chache kutoka alipokaa, na anaondoka na metronidazoli kwa sababu kwenye fomu imeandikwa amiba.

Kuviona vimelea hivi viwili hakuhitaji mashine ya kuagizwa kutoka ng'ambo. Kunahitaji upakaji wa rangi wa Ziehl-Neelsen uliorekebishwa, ambao ni ule tuliofundishwa kwa ajili ya makohozi ya kifua kikuu, isipokuwa asidi ya kuondolea rangi inakuwa hafifu zaidi. Vimelea hubaki na rangi nyekundu au ya waridi kwenye usuli wa buluu au kijani. Kriptosporidiamu anaonekana kama mviringo mdogo, sistoisospora kama yai refu lililo kubwa zaidi yake. Yeyote aliyewahi kusoma slaidi ya makohozi anaweza kufundishwa kusoma slaidi hii kwa muda mfupi. Ninalolihofia ni kwamba kadiri uchunguzi wa kifua kikuu unavyohamia kwenye mashine za vinasaba, jambo ambalo ni jema, chupa za rangi hizi zitaacha kuletwa katika vituo vidogo, na ujuzi huo utapotea kabla hatujautumia kwa wagonjwa wa tumbo.

Jiadia, kimelea kingine cha utumbo, naye ana tabia yake. Hutoa sisti kwa vipindi, leo zimo kwenye choo, kesho hazimo, hivyo sampuli moja isiyo na kitu haimwondolei mtu shaka. Inatakiwa kuchukua sampuli tatu kwa siku tofauti, na kuzikusanya sisti kwa fomalini na etha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi, njia ambayo imejulikana tangu mwaka 1948. Lakini pia kumkuta jiadia kwenye choo cha mtoto hakumaanishi kwamba ndiye anayemharisha. Katika utafiti uleule wa 2013 alionekana kwa watoto wasioharisha kama alivyoonekana kwa wanaoharisha, na utafiti mwingine wa nchi nane uliofuatilia watoto tangu kuzaliwa, ambao sehemu yake ya Tanzania ilifanyika Haydom mkoani Manyara, ulikuta vimelea na bakteria mara nyingi hata kwenye choo cha watoto wazima wa afya. Jibu la maabara linahitaji kusomwa pamoja na mgonjwa, muda aliougua, uzito wake na kinga yake. Tabibu na mtu wa maabara wanapaswa kuzungumza, na katika vituo vingi dirisha la kupokelea vikopo ndilo mawasiliano pekee kati yao.

Kuhusu minyoo sitasema mengi. Vidonge vya albendazoli na mebendazoli wanavyopewa watoto mwezi Juni na Desemba, na vile wanavyopewa wanafunzi mashuleni, vimesaidia sana kupunguza minyoo ya mviringo na safura, na naunga mkono viendelee. Ila minyoo hiyo kwa kawaida si chanzo cha kuhara kwa ghafla, isipokuwa ile ya mjeledi inapokuwa mingi mno, na kwa hiyo kidonge kimoja hakiwezi kuwa jibu la mtu anayeharisha. Wala dozi moja ya albendazoli haimwondoi strongiloidi, mnyoo anayezaliana ndani ya mwili kwa miaka mingi na anayehitaji ivamektini. Mtu mwenye mnyoo huyo akipewa dawa za jamii ya prednisoloni kwa ajili ya pumu au ugonjwa mwingine, anaweza kuvamiwa mwili mzima na kufa, na sidhani kama kuna swali tunalomwuliza kabla ya kumwandikia.

Kichocho cha tumbo siwezi kukipita, nikiwa ninaishi ninapoishi. Katika mialo ya Ziwa Victoria, yaani sehemu za ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, mtu mzima anaharisha damu kwa vipindi, tumbo linajaa taratibu, bandama inavimba, na siku moja anatapika damu na kufa njiani kwenda hospitali. Mayai ya kichocho hiki hutoka machache kwenye choo, na tone moja kwenye slaidi huyakosa. Njia ya Kato-Katz, inayochunguza miligramu 41.7 za choo kupitia kitundu cha kipimo maalumu, ndiyo inayotumiwa katika tafiti, na vifaa vyake ni kipande cha plastiki, chekecheo na karatasi ya selofeni. Vifaa hivyo vimefika mara nyingi katika kata zetu vikiwa na watafiti, na vimeondoka nao. Prazikwanteli nayo hufika mashuleni kwa kampeni, ikawafikia watoto wa umri wa shule, wakati mvuvi na mama anayeanua dagaa na kuchota maji ufukweni hawamo kwenye orodha. Wakija kituoni na kuhara damu, wanapewa metronidazoli.

Ombi langu kwenu linaanza na jambo litakalopunguza gharama. Tolewe mwongozo mfupi, wenye nguvu ya maagizo, kwamba mtoto au mtu mzima aliyeharisha kwa siku chache bila damu, bila homa kali na bila kinga dhaifu, asiandikiwe kipimo cha choo wala metronidazoli, bali atibiwe upungufu wa maji. Penye tetesi za kipindupindu utaratibu wake ufuatwe kama kawaida, huo haugusiki. Hatua hiyo moja itaondoa sehemu kubwa ya vikopo vinavyojaa kwenye meza zetu, na itatupa muda wa kuwapima wale wachache wanaostahili: walioharisha siku 14 na zaidi, wanaoharisha damu, wanaoishi na VVU, watoto wenye utapiamlo, na watu wa mialoni.

Kwa hao wachache kipimo kiwe kamili. Kiwe na choo kibichi kinachotolewa hapohapo kituoni, na kwa maana hiyo kila maabara iwe na choo safi chenye maji na mahali pa kunawia karibu nayo. Kiwe na sampuli tatu inapohitajika, ukusanyaji kwa fomalini na etha, rangi ya Ziehl-Neelsen iliyorekebishwa, na Kato-Katz katika halmashauri zinazozunguka maziwa. Bohari ya Dawa iziweke rangi na kemikali hizo kama furushi moja lenye namba moja ya kuagizia, ili mganga mfawidhi asilazimike kuagiza chupa moja moja na kupata mbili kati ya tano. Kituo kisicho na sentrifuji kipeleke choo kilichohifadhiwa kwenye fomalini hadi hospitali ya wilaya, kwa gari lilelile linalobeba sampuli za kupima wingi wa VVU.

Malipo nayo yarekebishwe. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nayo ina vifurushi vyake vya huduma. Naomba iandikwe kwenye vifurushi hivyo kwamba sampuli tatu za mgonjwa mmoja wa kuhara kwa muda mrefu ni kipimo kimoja chenye malipo yanayolingana na kazi yake. Kituo kinacholipwa sawasawa kwa tone moja la dakika mbili na kwa kazi ya siku tatu kitachagua tone, na mgonjwa anayelipa mfukoni mwake hatarudi mara ya tatu.

Kwenye vitabu vya MTUHA, ambavyo vituo huandikia taarifa za wagonjwa na magonjwa, na kwenye mifumo ya kielektroniki inayovirithi, neno amiba lisiingizwe kama ugonjwa kwa sababu ya sisti. Tuwe na nafasi ya kuandika sisti zimeonekana, na nafasi nyingine ya amiba hai mwenye chembe za damu. Takwimu zinazopanda kutoka kwetu hadi wizarani ndizo zinazoamua ni tani ngapi za metronidazoli zinunuliwe, na sehemu ya takwimu hizo ni chembe za hamira zilizoitwa amiba.

Wenye dhamana ya maji nao wasomewe barua hii, ingawa sikuwataja juu. Klorini, inayoua bakteria wengi wa kuhara, haimwui kriptosporidiamu kwa viwango vinavyowekwa kwenye maji ya kunywa. Mwaka 1993 katika mji wa Milwaukee nchini Marekani, wenye mitambo ya kisasa ya kusafisha maji, kimelea hiki kilipita kwenye chujio na kuwafanya waugue watu wanaokadiriwa kufika laki nne. Kwa hiyo mgonjwa wa VVU anayeambiwa atie kidonge cha klorini kwenye ndoo aambiwe pia achemshe maji yake mpaka yatokote, na jambo hilo liandikwe kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

Kuhusu mafunzo yetu wenyewe, naomba slaidi za kujipima. Maabara ya rufaa ya kanda iwe inaleta slaidi zenye majibu yanayojulikana kila robo mwaka, tuzisome bila kujua majibu, na anayekosea afundishwe. Utaratibu kama huo upo kwa malaria na kwa kifua kikuu na umetujenga. Kwa choo hatujawahi kuuona katika kituo chetu, na nina hakika hatuko peke yetu.

Mkikubali kuanza na eneo dogo, anzeni na halmashauri chache zenye mialo mingi hapa Kanda ya Ziwa, kwenye kliniki za VVU na wodi za watoto wenye utapiamlo, kwa mwaka mmoja wa fedha. Hesabuni ni wangapi waliotoka na jina sahihi la kimelea chao, wangapi walibadilishiwa dawa, na metronidazoli imepungua kiasi gani kwenye stoo. Tupo tayari kutunza kumbukumbu hizo na kuzileta mbele yenu kabla ya bajeti inayofuata kupangwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mteknolojia wa maabara, kituo cha afya,
Kanda ya Ziwa